Waziri Aliyeangukia Mwanza

Kura za Septemba 1965 zilipohesabiwa Mwanza, Paul Bomani, Waziri wa Fedha wa Tanzania, alikuwa ameupoteza ubunge. Hakushindwa na mpinzani wa chama kingine, maana Tanzania Bara chama kilikuwa kimoja tu, TANU. Aliyemwangusha ni mwana-TANU mwenzake, aliyepanda naye majukwaa yale yale kuomba kura.

Wala Bomani hakuwa mgeni kanda ya ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndiye aliyezunguka Usukumani akiwakusanya wakulima wa pamba. Kilio chao kilikuwa mizani: mkulima anabeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi, anatajiwa uzito, na hana pa kubishia. Wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia upimaji. Vikafuata vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza. Nadhani ni huko ushirikani, kuliko kwenye siasa, ambako wengi walizoea kuchagua kiongozi na kumhoji. TANU yenyewe isingeweza kuwafundisha, kwani tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliyanyima matawi yake kibali Usukumani.

Kura nayo ilipofika, ilifika na masharti. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe na wadhifa uliotambuliwa. Tena ilimpasa achague watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Kura tatu hizo nusura ziivunje TANU kwenye mkutano wake wa Tabora, Januari 1958. Kiongozi wake, Julius Nyerere, akawashawishi wenzake waingie uchaguzini. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha African National Congress. TANU ikawaunga mkono Wazungu na Waasia iliowaamini, na UTP, chama alichokipenda Gavana Twining, kikatoka mikono mitupu.

Ushindi huo ukazaa tatizo lake. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na wabunge 58 wakapita bila kupingwa. Majimbo mengi, kwa maneno mengine, yalipata mbunge bila mtu kugusa karatasi ya kura.

Dawa iliyobuniwa mwaka 1965 ilikuwa ya aina yake. Mkutano wa chama wilayani uliwapigia kura walioomba kugombea, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Chama ndicho kilichoandaa mikutano. Hotuba zilikuwa za Kiswahili tu. Kutaja kabila, dini au rangi ni marufuku, na kudai kwamba Mwalimu Nyerere yuko upande wako ni marufuku pia. Basi watu wakabishania alama: mwenye jembe akisema ndilo linalotulisha, mwenye nyumba anauliza ukishalima utalala wapi.

Inachekesha, lakini wapiga kura walikuwa na lao moyoni. Manung'uniko dhidi ya vyama vya ushirika yalikuwa yamepanda kiasi kwamba mwaka 1966 Rais aliunda tume kuvichunguza. Bomani alikuwa ndiye mwasisi wa ushirika kanda ile, na kama Waziri wa Fedha kodi nazo zilikuwa zake. Sioni angeponea wapi.

Wamarekani wangeutambua uchaguzi ule, kwani kwao wanachama huchujana kwanza kwa kura za maoni. Katika majimbo ya Kusini, ambako kwa miongo mingi chama cha Democratic hakikuwa na mshindani wa maana, kura hizo ndizo zilizokuwa uchaguzi wenyewe. Ndiyo maana Weusi walizuiwa kushiriki, hadi Mahakama ya Juu ilipokataza jambo hilo mwaka 1944. Tofauti ni kwamba kule chujio liko mikononi mwa wapiga kura. Kwa TANU, neno la mwisho juu ya majina mawili lilikuwa la Halmashauri Kuu.

Bomani hakupotea. Nyerere alimteua kuwa mbunge, akabaki waziri, na mwaka 1972 akapelekwa Washington kuwa balozi. Alikuwapo huko mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alipomshinda Seneta Edward Kennedy ndani ya chama chao, kisha Novemba akaangushwa na Ronald Reagan.

Mwanza iliupata mchuano huo wa pili, wa chama dhidi ya chama, baada ya vyama vingi kuruhusiwa tena mwaka 1992. Mwaka 2010, katika jimbo la Nyamagana, Ezekia Wenje wa Chadema alimshinda Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, wa CCM, chama kilichoirithi TANU. Miaka mitano baadaye Wenje naye akashindwa, na CCM ikalirudisha jimbo.