Wiki ya 37 ya mwaka 2000: kadi ya kompyuta inasema nini, na inanyamazia nini

Nyinyi wenye munacheza game kwenye kompyuta munajua kadi ya grafiki: ni ile sahani yenye chipi, yenye inachora picha zote munaona kwenye skrini. Leo naleta historia ya kadi moja yenye haikufika hata dukani, lakini watu wanaitafuta kuliko zile zenye ziliuzwa kwa wingi. Mimi ni agronomu, si fundi wa kompyuta. Ila historia hii inapita kwetu Ituri, twende nayo pole pole.

Kampuni ya 3dfx ilianzishwa Marekani mwaka 1994. Mwaka 1996 ilitoa Voodoo Graphics, na kwa miaka michache jina Voodoo likawa mfalme wa game za kompyuta. Novemba 1999 ikatangaza familia mpya yenye kutumia chipi moja, VSA-100. Voodoo 4 4500 ilikuwa na chipi moja, Voodoo 5 5500 mbili, na kubwa yao, Voodoo 5 6000, chipi nne na memori ya MB 128. Ilikula umeme kupita kile kompyuta ingeweza kuipa, kwa hiyo walitaka kuiuza pamoja na kisanduku chake cha umeme cha kuchomeka ukutani. Bei iliyotajwa ilikuwa karibu dola 600.

5500 ilifika sokoni mwaka 2000. 6000 haikufika. Wahandisi walitengeneza kadi za majaribio, wakaona makosa, wakarekebisha, wakatengeneza zingine. Desemba 2000 pesa zilikuwa zimeisha, na 3dfx ikatangaza kwamba inauza mali yake kwa mshindani wake, Nvidia. Zile kadi za majaribio zikabaki mikononi mwa watu. Leo ni kama dhahabu: mwaka 2023 moja iliuzwa kwenye mnada wa intaneti kwa dola 15,000.

Sasa, mtu anajuaje kama ile anaonyeshwa ni ya kweli? Hapa ndipo mimi nilipendezwa. Wakusanyaji wanaanza na tarakimu nne. Juu ya chipi nyingi za wakati ule, mwaka unatangulia na wiki inafuata: 0037 ni mwaka 2000, wiki ya 37. Kwenye sahani yenyewe ya Voodoo 5 6000 inageuka: 3700 ni wiki ya 37 ya mwaka 2000. Ndiyo maana wakusanyaji wanaziita kwa namba hizo: 3400, 3500, 3700, 3900. Kila namba ni hatua moja ya kazi ya wahandisi, na kila hatua ina alama zake: kipande chenye kimehamishwa, waya mdogo wenye umechomelewa kwa mkono ili kusahihisha kosa, karatasi yenye kuandikwa kwa kalamu.

Halafu wanalinganisha. Chipi ya VSA-100 peke yake haithibitishi kitu, juu iko hata kwenye 4500 na 5500 za kawaida. Mtu anaweza kuing'oa huku na kuichomelea kule. Siku hizi kuna hata wapenzi wenye ujuzi wamechora upya ile sahani na kutengeneza 6000 mpya yenye inafanya kazi. Kwa hiyo ushahidi ni ule upatano: tarehe ya sahani, tarehe za chipi, alama za marekebisho, na historia ya mikono yenye kadi ilipitia. Kama chipi ni changa kuliko kazi yenye sahani inadai ilifanya, kuna maswali ya kuuliza.

Sisi wa fakulte ya kilimo tunajua kazi hii. Kule Yangambi, kwenye kituo cha INEAC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1933, kuna hebariamu kubwa kuliko zote za nchi yetu. Jani lililokaushwa lina thamani kwa sababu ya karatasi yake: nani alilichuma, wapi, siku gani. Na mmea wa kwanza wenye jina la aina lilitolewa juu yake, ule wenye mingine yote inalinganishwa nao, ndio prototipu yetu. Ondoa karatasi ile, unabaki na nyasi kavu.

Sasa rudi kwenye mwaka 2000, lakini angalia upande wetu. Kwenye vifaa vya elektroniki kuna vipande vidogo vya kutunza umeme, mafundi wetu wanaviita kondansateri. Vile vidogo na vyenye nguvu vinatengenezwa kwa unga wa tantali, na tantali inatoka katika koltani. Mwaka ule viwanda vya simu na kompyuta duniani viliogopa kukosa tantali, bei ikapanda zaidi ya mara tano, na mwaka 2001 ikaanguka. Katika Kivu watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Kwetu, wachimbaji waliingia katika pori la Mambasa, hata ndani ya Hifadhi ya Okapi. Ituri ilikuwa katika vita, jeshi la Uganda liko hapa Bunia. Aprili 2001 jopo la wataalam wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti juu ya namna madini ya Kongo yalivyokuwa yanatoka na vita kupata chakula chake.

Mimi sidai kwamba kadi fulani ya 3dfx ina udongo wa Mambasa ndani yake. Hakuna mtu anaweza kusema hivyo, na hilo ndilo neno langu la leo. Kwenye sahani ile ile tunasoma wiki ambayo kiwanda kiliichapa. Lakini juu ya madini yaliyoingia ndani hakuna hata herufi moja. Kumbukumbu inaanzia kwenye mlango wa kiwanda. Kilima, wiki ya kuchimba, mtu aliyeshika sururu: vyote vilichanganywa katika tanuru moja na madini ya nchi zingine, vikapotea.

Baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010 juu ya madini ya vita, magunia ya koltani yalianza kufungwa lebo zenye namba, moja kwenye shimo na nyingine kwa mfanyabiashara. Ni hatua. Lakini lebo inaweza kuuzwa na kufungwa kwenye gunia lingine, na ripoti za Umoja wa Mataifa zimeonyesha hivyo. Wakusanyaji wa kadi wangetuambia: alama moja haitoshi, tafuta upatano. Namba ya gunia ipatane na shimo, na uzito upatane na kile shimo lile linaweza kutoa. Kwa dhahabu ya Ituri hali ni mbaya zaidi: ripoti hizo hizo zinarudia kwamba nyingi inavuka mpaka wa Uganda bila karatasi yoyote.

Kazi hiyo ya kuandika na kulinganisha haihitaji mtu kutoka mbali. Tuko na wanajiolojia, mafundi wa informatike, wanauchumi, wanasheria, na sisi wa kilimo wenye tulizoea kuandika lebo ya kila mfuko wa mbegu. Mwenye anatafuta somo la memwari ya lisansi, hili hapa liko wazi.

Na kama kuna kompyuta ya zamani imelala nyumbani au ofisini kwenu, zima umeme, fungua, utafute zile tarakimu nne. Andika hapa chini umepata wiki gani ya mwaka gani. Halafu uulize wazee wa nyumba: wiki ile, sisi tulikuwa wapi?