Tanbihi Iliyoiumbua Serikali ya Marekani

Oktoba 3, 2025 ilitimia miaka 30 tangu Rais Bill Clinton aombe radhi kwa majaribio ya mionzi ambayo serikali ya Marekani iliwafanyia raia wake kwa siri. Wengi hawakumsikia. Siku hiyohiyo nyota wa michezo O.J. Simpson aliachiwa huru mahakamani katika kesi ya mauaji, na televisheni zote zikakimbilia huko.

Radhi hiyo ina mkono wa Eileen Welsome wa Albuquerque Tribune, gazeti dogo la New Mexico. Mwaka 1987 alikuwa akipekua ripoti kuhusu mizoga ya wanyama wa majaribio iliyofukiwa katika kambi ya jeshi la anga ya Kirtland. Chini ya ukurasa mmoja akakuta tanbihi: kuna binadamu pia waliodungwa plutoniamu.

Walikuwa wagonjwa 18, waliodungwa kati ya 1945 na 1947 ili wanasayansi wa bomu la atomiki wajue sumu hiyo hukaa mwilini kwa kiasi gani. Nyaraka ziliwataja kwa herufi na namba tu.

Aliyefungua njia ni CAL-3. Welsome aliona nyaraka zikitaja Italy, mji mdogo wa Texas, akapiga simu ofisi ya mji na kueleza anamtafuta mzee mweusi aliyekatwa mguu. Jina likapatikana papo hapo: Elmer Allen, aliyewahi kuwa mpagazi wa reli. Alikwishafariki, 1991. Julai 1947, huko San Francisco, alidungwa plutoniamu kwenye mguu wa kushoto, na siku tatu baadaye mguu ukakatwa. Kwa miaka mingi alilalamika kwamba madaktari walimgeuza panya wa maabara. Daktari wake akaandika kuwa ana ugonjwa wa akili. Mwongo nani hapo?

Makala za Welsome zilitoka Novemba 1993. Waziri wa Nishati, Hazel O'Leary, akaamuru nyaraka zifunguliwe. Welsome akapata Tuzo ya Pulitzer 1994, na kitabu chake kikafuata 1999.

Tangu ile tanbihi hadi makala hizo ilipita miaka sita. Wahariri wetu wanaodai habari tatu kwa siku kutoka kwa mwandishi mmoja waitafakari hesabu hiyo. Albuquerque Tribune lenyewe lilifungwa Februari 2008.