Habari Nzito na Watu wa Kuipokea: Utani na Saratani ya Mapafu Masanze

Masanze ni kata ya wilaya ya Kilosa, uelekeo wa Mikumi, katika nchi ya Wasagara. Hapa, kama ilivyo kwa jirani zao Wakaguru, Waluguru na Wavidunda, mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya afya na maisha ya wapwa zake. Kutokana na historia ya nchi hii nataka kutetea hoja moja: mtu aliyeambiwa leo kwamba ana saratani ya mapafu asiachiwe kazi ya kwenda kujitafutia wa kumfariji. Ushauri anaopewa mara nyingi ni kwamba atafute msaada, aongee na watu anaowaamini, asikae na huzuni peke yake. Ushauri huo ni mwema, lakini unamtwika mzigo mtu ambaye saa hiyo hana hata nguvu ya kufungua kinywa. Wazee wa Usagara walilipanga jambo hili kwa namna nyingine. Faraja ilikuwa na wenyewe, waliojulikana kabla balaa halijaingia nyumbani.

Ushahidi mkubwa uko katika utani. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani huko Usambara, aliandika juu yake mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1963 James Christensen akaeleza utani wa Waluguru, na T. O. Beidelman akaandika kwa kirefu juu ya Wakaguru miaka hiyohiyo ya 1960. Watafiti hawa hawakukubaliana juu ya chanzo cha desturi hii, lakini kuhusu kazi ya mtani kwenye msiba maelezo yao yanakaribiana. Mtani haombwi kuja, maana ni wajibu wake. Anashika kazi ambazo wafiwa hawaziwezi, za maiti, za kaburi na za kuitakasa nyumba, na katikati ya kilio anathubutu kumdhihaki marehemu na kuwakejeli wanaolia mpaka wacheke, wala hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Nikiutazama mpango huo, naona akili kubwa ndani yake. Mtani ni mtu wa karibu kiasi cha kuwajibika, ila si wa karibu kiasi cha kuvunjika moyo pamoja na mwenye msiba. Mwana anayelia hawezi kumshika mkono mama anayelia. Lazima awepo mtu wa tatu aliyesimama imara.

Msomaji atapinga papo hapo: utani ni wa makaburini, na mgonjwa bado yu hai. Kumpelekea mtani mtu aliyetoka kupewa majibu ni kumzika kabla ya siku zake! Pingamizi hili ni zito, na ni kweli kwamba kazi za mazishi zisisogezwe kando ya kitanda. Lakini msiba haukuwa mwanzo wa shughuli ya jamaa. Ugonjwa nao ulikuwa na watu wake. John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya Wakongo, alionyesha jinsi jamaa walivyokusanyika kuamua mgonjwa apelekwe kwa mganga gani au hospitali ipi, nani amsindikize, nani alipe. Msomaji wa Kilosa hahitaji kufunga safari ya Kongo ili kuuelewa mkutano huo, kwa sababu ndio ule wa wajomba. Sayansi ya hospitali nayo imeonyesha faida ya kuanza mapema. Mwaka 2010 Jennifer Temel na wenzake wa Boston walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 151 waliokuwa wametoka kugundulika na saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Waliopewa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na kumfariji mgonjwa, tangu mwanzo, sambamba na dawa za saratani, walikuwa na hali bora ya maisha na sonona pungufu, na kwa wastani waliishi miezi 11.6, ilhali wenzao waliishi 8.9. Kumbe anayesubiri hali iwe mbaya ndipo aje kumfariji mgonjwa amekwisha chelewa.

Kwa mgonjwa wa Tanzania, habari ya saratani ya mapafu ina uchungu wa ziada unaotokana na historia. Kikohozi kisichoisha, kukonda na damu kwenye makohozi ni dalili ambazo nchi nzima imefundishwa kuzitambua kuwa za kifua kikuu, tangu enzi za hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926, hadi Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma wa mwaka 1977, ambao daktari Karel Styblo alishiriki kuujenga na ambao ulikuja kuigwa duniani. Mafanikio hayo ni fahari ya haki. Lakini yamewazoesha watu kuamini kwamba kifua kina dawa na kwamba ukimaliza dozi unapona. Anayeanza kwa kutibiwa kifua kikuu, kisha akaambiwa kuwa ni kitu kingine, hupoteza tumaini ambalo alikwisha kabidhiwa. Kisha anapelekwa mbali, pengine hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika jengo ambalo Wajerumani walilifungua kama hospitali mwaka 1897 na ambalo lilikuja kuwa makao ya taasisi ya saratani mwaka 1996. Kutoka Kilosa hadi huko ni karibu kilomita 300. Kwa kawaida habari inapokewa na mgonjwa na msindikizaji mmoja, nauli ikiruhusu, na watu ambao desturi iliwapa wajibu wa kuipokea wamebaki kijijini.

Wapo watakaosema ugonjwa ni siri ya mtu. Nakubali kwamba asiambiwe yeyote bila ridhaa ya mgonjwa, hasa kwa saratani hii. Tangu Richard Doll na Austin Bradford Hill waihusishe na sigara mwaka 1950, mgonjwa wake huulizwa kwanza alivuta kwa miaka mingapi, hata yule ambaye hajawahi kushika sigara. Ila tusidhani kwamba namna ya sasa ya kumwambia mgonjwa ni ya tangu na tangu. Mwaka 1961 Donald Oken aliwahoji madaktari wa hospitali moja ya Chicago, na asilimia 90 walisema hupendelea kutomwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Mwaka 1979, katika utafiti mwingine Marekani, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Desturi ya hospitali iligeuka ndani ya miaka 18, na inaweza kugeuka tena ili mgonjwa aulizwe, kabla ya majibu, angependa nani awepo. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la uchawi. Ukoo uleule unaokusanyika kuuguza ndio uliokusanyika kumtafuta aliyeroga, na shutuma zilikuwa za ndugu kwa ndugu. Ndiyo maana simtaji ndugu peke yake. Mtani wa ukoo mwingine harithi shamba la mgonjwa wala hana ugomvi wa zamani naye, na ana ruhusa ya kumkemea mjomba anayeanza kunyoosha kidole.

Linabaki swali la kama desturi hii bado ina watu. Reli ya kati, mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, njia ya reli ya Kidatu iliyokamilika mwaka 1965, kisha vijiji vya ujamaa, vyote vilichanganya makabila wilayani. Lakini utani ulistawi hasa kwenye mchanganyiko. Wapagazi Wanyamwezi waliokatiza Usagara na misafara walihitaji watu wa kuwauguza na kuwazika njiani, na utani wa kabila kwa kabila uliwapa watu hao. Serikali yenyewe imekwisha kufuata njia inayofanana na hiyo: mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kumchagua mtu wa nyumbani amsimamie kumeza dawa, na zahanati inamtambua mtu huyo kwa jina. Mgonjwa wa saratani ya mapafu naye aandikishe jina kama hilo siku anapopewa rufaa, kabla hajapanda basi la kwenda Dar es Salaam, na mtu huyo aelezwe na mhudumu wa afya nini kinakuja: usingizi utakaopotea, hasira, maswali ya usiku, na siku ambazo mgonjwa hatataka kuzungumza na yeyote.