Kibali Kabla ya Wimbi: Redio za Ridhaa na Maafa ya Bahari ya Hindi ya 2004

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mchango wa redio za ridhaa katika maafa ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, kwa kurejelea visiwa vya Andaman na Nicobar nchini India. Hoja yake ni kwamba mawasiliano ya dharura hutegemea zaidi vibali na watu walioandaliwa mapema kuliko ubora wa mitambo.

1.0 Utangulizi

Kabla ya simu za mkononi kuenea, vituo vya polisi na hospitali nyingi za misheni katika Afrika Mashariki viliwasiliana kwa redio ya mawimbi mafupi, ambayo wengi waliiita simu ya upepo. Redio ya ridhaa ni ndugu yake: huendeshwa na raia mwenye leseni, kwa ajili ya kujifunza na si kwa malipo.

Historia yake ina kinaya. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912, sheria ya Marekani iliwasukuma waendeshaji wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, yaliyodhaniwa kutofaa kwa mawasiliano ya mbali. Kufikia Novemba 1923, waendeshaji hao walikuwa wakizungumza kati ya Marekani na Ufaransa kwa mawimbi hayohayo. Mawimbi mafupi hurudishwa ardhini na tabaka la juu la angahewa, hivyo huvuka bahari bila kuhitaji mnara wowote njiani. Leo mtambo mdogo, waya uliotundikwa mitini na betri ya gari ya volti 12 vinatosha.

2.0 Andaman na Nicobar

Kwa miaka mingi, redio za ridhaa zilikuwa kimya visiwani humo kwa kukosa kibali, sababu kuu ikiwa ni usalama. Mwanzoni mwa Desemba 2004, kikundi cha Taasisi ya Taifa ya Redio za Ridhaa ya Hyderabad, kikiongozwa na Bharathi Prasad, kilikuwa Port Blair kwa kibali maalumu. Kilikwenda kwa shughuli ya kawaida ya waendeshaji wa ridhaa: kuwasiliana na wenzao duniani kutoka mahali pasiposikika mara kwa mara.

Tetemeko lilipotokea karibu na Sumatra, umeme na simu vilikatika visiwani. Kikundi kiliacha shughuli zake na kuanza kupokea na kupeleka ujumbe kati ya visiwa na bara. Kituo kingine kilifunguliwa Car Nicobar, kisiwa kilichoathirika vibaya. Familia zilizokuwa bara zilipata habari za ndugu zao kwa njia hiyo.

3.0 Upande wa Pili wa Bahari

Mawimbi yalichukua takribani saa saba kufika pwani ya Somalia, ambako watu wapatao 300 walikufa, wengi wao katika eneo la Hafun. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10. Nchini Kenya, ambako mamlaka ziliwaondoa watu ufukweni, alikufa mtu mmoja. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa pamoja wa tahadhari ya tsunami. Muda wa kuonya ulikuwapo; kilichokosekana mahali pengi ni njia ya kulifikisha onyo hadi kwa mvuvi.

4.0 Sheria

Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 mjini Geneva uliruhusu vituo vya ridhaa kupeleka ujumbe wa watu wengine nje ya mipaka wakati wa dharura. Mkataba wa Tampere, uliopitishwa tarehe 18 Juni 1998 ili kuondoa vikwazo vya leseni na uingizaji wa mitambo ya uokoaji, ulianza kutumika tarehe 8 Januari 2005, siku 13 baada ya tsunami. Kenya na Uganda ni wanachama wake. Hata hivyo, mkataba huo unahusu misaada kutoka nje. Leseni ya raia wa ndani hubaki mikononi mwa sheria ya nchi.

5.0 Hitimisho

Hofu ya usalama si ya kupuuzwa, lakini leseni ndiyo inayoipa dola orodha ya wanaorusha mawimbi. Katazo huiachia wasiojulikana tu. Mtambo waweza kununuliwa kwa wiki moja. Sikio lililozoea kutambua sauti hafifu katikati ya makelele hujengwa kwa miaka. Kwa hiyo nchi za pwani zinahitaji mtihani wa leseni unaopatikana kwa Kiswahili, ada nafuu, na nafasi ya waendeshaji wa ridhaa katika mazoezi ya kukabili maafa. Kibali cha Port Blair kilitangulia wimbi kwa wiki chache tu, na hakikutolewa kwa ajili ya maafa. Sera haiwezi kuegemea bahati ya namna hiyo.