Waridi la Kuvumwani Lilizaliwa Wapi?

Ukiligusa tumba la waridi hili kabla halijachanua, vidole vinanata na kubaki na harufu inayokaribia ile ya utomvu wa msonobari. Kikonyo na sepali zake zimefunikwa na vinyweleo vya kijani, mithili ya kuvumwani iotayo juu ya mawe yenye unyevu. Huko Ulaya likaitwa waridi la kuvumwani, na katika karne ya 19 lilipendwa mno Uingereza na Ufaransa. Chimbuko lake, hata hivyo, limebishaniwa kwa vizazi.

Simulizi inayorudi nyuma zaidi inatupeleka Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Inadai kwamba waridi hilo lilikuwako huko mwaka 1696, na kwamba mtu aitwaye Fréard Ducastel alilipeleka kaskazini, Normandy, mwaka 1746. Lakini dai hilo la 1696 lilikuja kuandikwa miongo mingi baadaye, wakati ua lenyewe lilikuwa limekwisha kujulikana kwingine.

Maandishi ya wakati wenyewe yako Uholanzi. Mwaka 1720 Herman Boerhaave, tabibu aliyesimamia bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Leiden, alichapisha orodha ya mimea yake. Humo limo waridi jekundu lenye petali tele, miiba mingi na kikonyo chenye kuvumwani. Philip Miller, mtunzaji wa bustani ya Chelsea jijini London, aliandika kwamba aliliona kwa mara ya kwanza kwa Boerhaave mwaka 1727.

Paris ilichelewa. Mwandishi Madame de Genlis alijisifu kwamba yeye ndiye aliyelifikisha mjini humo, akilitoa Uingereza. Ikiwa Carcassonne ilikuwa nalo tangu 1696, ni ajabu kwamba wapenda maua wa Paris walilipokea kama kitu kigeni.

Karatasi zinapoishia, mmea wenyewe unaendelea kusema. Waridi hili ni mtoto wa waridi senti­folia, lile la petali mia lililokuzwa sana na Waholanzi. Sentifolia hutoa mbegu kwa nadra, kwa kuwa stameni zake nyingi zimegeuka petali. Mabadiliko yaliyoleta kuvumwani, basi, yalitokea katika chipukizi moja, na wakulima wakalizidisha kwa vipandikizi. Mwaka 1922 mwanasayansi wa urithi C. C. Hurst alitetea hoja hiyo kwa ushahidi wa matawi ya waridi la kuvumwani yaliyorudi kuzaa maua ya sentifolia tupu.

Tena jambo hilo halikutokea mara moja tu. Waridi la Damasko nalo, ambalo ni ukoo mwingine, lilitoa chipukizi lenye kuvumwani nchini Ufaransa katika karne ya 19. Kama mmea unaweza kubadilika hivyo zaidi ya mara moja, Carcassonne na Leiden hazilazimiki kugombea kitanda kimoja cha uzazi.

Kwa hiyo, mama tunamjua: ni sentifolia. Kuhusu mahali, anayetaka ushahidi ashike Leiden, 1720. Carcassonne ibaki simulizi mpaka ipatikane karatasi ya zamani zaidi. Nawe mwenye bustani, ukiona tawi moja limetoa ua lisilofanana na mengine, andika tarehe na mahali siku hiyohiyo. Boerhaave aliandika mstari mmoja tu, nao ndio tunaoutegemea baada ya miaka 300.