Gereza: Neno Lililotoka Kanisani

Mimi ni mzaliwa wa Mucojo, pwani ya Cabo Delgado. Nyumbani tunasema Kimwani, shuleni tunafundishwa Kireno. Kwa hiyo asili ya neno la Kiswahili "gereza" sikuitafuta mbali: ni igreja, yaani kanisa. Irabu ya mwanzo imedondoka, "e" imeingia kati ya "g" na "r", na "j" imekuwa "z". Sauti ni jambo jepesi. Kazi iko kwenye maana.

Wengine watasema Waswahili walikosea. Sikubali. Wareno walipoanza kujenga ngome ya Mombasa mwaka 1593, kanisa lao lilikuwa ndani ya kuta zenye mizinga. Aliyetazama kutoka nje aliona kitu kimoja. Gereza likawa ngome, na boma kuukuu la Kilwa Kisiwani huitwa Gereza hadi leo. Kisha ngome zikafungia watu: ile ya Mombasa Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Na huku kwetu, kusini mwa Mucojo, kuna ngome ya kisiwa cha Ibo, ya mwaka 1791. Humo Wareno waliwafunga watu waliotaka uhuru, uliopatikana 1975.