Bastola ya Mfukoni, Risasi Moja

Henry Deringer, fundi wa bunduki wa Philadelphia, alitengeneza bastola ndogo yenye urefu wa takriban sentimita 15 tu. Ilifichika kirahisi mfukoni mwa koti, na kwa hilo ikapendwa nchini Marekani.

Ila ilibeba risasi moja. Baada ya kufyatua, mwenye nayo alilazimika kumimina baruti upya mdomoni mwa mtutu, kushindilia risasi na kupachika fataki. Adui wa karibu hangemsubiri. Tarehe 14 Aprili 1865, John Wilkes Booth aliitumia kumpiga risasi Rais Abraham Lincoln katika ukumbi wa Ford's Theatre, Washington. Meja Henry Rathbone, aliyekuwa pamoja na rais, alipomrukia Booth, bastola ilikuwa tupu. Booth alimchoma kwa kisu alichokuja nacho, na kisu hicho kinaeleza udhaifu wa silaha hii waziwazi. Lincoln alifariki asubuhi iliyofuata.

Kuanzia 1866 kampuni ya Remington iliuza bastola ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Risasi ya pili ilikuwa nafuu kubwa, ingawa mtutu wa sentimita 7.6 ulifaa kwa shabaha ya hatua chache tu. Iliendelea kutengenezwa hadi 1935.